Fundi Aliyefumba Macho

Baba yangu hajafa, na nimechoka kulisema jambo hilo. Nimelisema sokoni, nimelisema dukani kwa muuza dawa, nimelisema kwenye simu kwa watu nisiowajua hata kwa sura, na wapo waliosikia wakanipa pole vilevile. Wengine hawanipi pole. Wananitazama kwa jicho la pembeni, jicho lile la "huyu ndiye yule binti". Basi nitaeleza mara moja, na atakayekuja kuniuliza tena baada ya hapa asinilaumu kwa jibu atakalopata.

Baba ni seremala wa vitanda. Hatengenezi meza, hatengenezi makabati, na ukimletea mlango atakuonyesha kwa kidole nyumba ya jirani anayetengeneza milango, kisha atarudi kwenye randa yake. Mtaani wanamwita Fundi Sikio. Jina hilo alilipata kwa namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine wakimaliza kitanda hukitikisa kwa mkono, wakakipiga teke la adabu, wakasema kiko imara, lete pesa. Baba hukilalia. Huvua viatu, hujinyoosha chali juu ya chaga tupu, mbao zile za kulazia godoro, huweka mikono kifuani, hufumba macho na kutulia tuli. Kisha huanza kujigeuza polepole, bega moja, nyonga, bega la pili, na muda wote huo anasikiliza. Anasema kitanda kibovu hulia, na kilio chake cha kwanza ni kidogo mno, mwenye kuangalia hakisikii. Macho yakiwa wazi, masikio hufanya uvivu. Akisikia mlio anajua papo hapo ni tendegu gani limelegea. Huamka, akapiga kabari, akalala tena.

Marehemu mama alikuwa akiwaambia watu kwamba ameolewa na mwanamume wa ajabu, analipwa kwa kulala. Lakini mama alipougua, ugonjwa wa mifupa usiokuwa na simile, baba alikibomoa kitanda chao wenyewe, akakiunda upya kipande kwa kipande, ili mama akijigeuza kwa maumivu asisikie mlio wowote unaomkumbusha kwamba amejigeuza. Mama alifia juu ya kitanda kisicholia. Mimi nilikuwepo, najua ukimya ule ulivyokuwa, na ndiyo maana mtu akiniambia baba yangu ni wa kuhurumiwa damu inanichemka.

Tangu mama aondoke tunaishi pamoja, baba, mimi na wanangu. Chumba cha mbele ni saluni yangu, uani ni karakana yake. Wateja wangu wanatoka na vumbi la mbao kwenye nywele, wateja wake wanatoka na harufu ya mafuta ya nywele, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa sisi wenyewe. Tunagombana kuhusu redio. Tunagombana kuhusu chumvi. Anakula kwangu, nguo zake zinafuliwa kwangu, na akikohoa usiku mimi ndiye ninayeamka. Nayataja haya makusudi.

Upande wa pili wa mji kuna nyumba ya wazee wasio na watu, inaendeshwa na shirika moja la hisani. Walimwita baba akawatengenezee vitanda. Alirudi siku ya kwanza amenuna. Alisema vitanda vile vinalia vyote, na magodoro yamelowa na kuoza mpaka ukiyainua yanabaki mkononi. Akawapunguzia bei, akasema wale ni wenzake kwa umri, na akaenda kila asubuhi mpaka kazi ikaisha.

Siku ya mwisho alirudi akiwa na wasiwasi. Tulipokuwa tunakula alisema, "Kuna kitanda kimenishinda leo."

"Kimekushinda vipi?"

"Kile cha dirishani. Nimelala, nimetulia, nikasikia mlio. Ka. Mdogo, mkavu. Nimegonga matendegu yote, nimelala tena, sikuusikia tena. Sikuupata ulikotoka."

Aliwaza kitanda kile juma zima. Mimi ndiye niliyeujua mlio ule ulikotoka, na sikuujua kwa kupenda kwangu.

Nilikuwa namsuka mteja mmoja, mwanamke mpole anayependa kuangalia simu akisukwa. Nikamwona kwenye kioo anafuta machozi. Nikadhani nimemvuta nywele. Akasema, "Hapana dada, ni huyu mzee. Dunia ina watoto wabaya." Akanigeuzia simu.

Baba yangu alikuwa amelala chali kwenye chaga tupu, mikono kifuani, macho amefumba, mwanga wa dirisha umemwangukia usoni. Viatu vyake viko chini, vimepangwa. Nyundo yake na kisanduku cha misumari vilikuwa kushoto kwake, najua, maana huviweka huko siku zote, lakini picha ilikuwa imekatwa kabla ya kufika huko. Chini yake, kwenye ukurasa wa lile shirika, paliandikwa: "Mzee huyu alilea watoto kwa jasho lake. Leo hakuna anayemkumbuka. Anafumba macho na kusubiri. Usimwache asubiri peke yake. Gusa hapa uchangie."

Na watu walikuwa wamegusa. Walikuwa wamelia, wamesali, wamesambaza. Halafu walikuwa wametuhukumu. Mmoja aliandika kwamba watoto wa mzee huyu nao watazeeka, na Mungu si mjomba wao. Mwingine alitaka tutafutwe tupigwe picha na sisi. Mwanamke mmoja aliyeweka sura ya maua mahali pa uso wake aliandika kwamba mtoto wa namna hii angefaa kuzaliwa jiwe.

Nilimwacha mteja na kichwa nusu. Nikaandika chini ya picha: "Mimi ni binti yake. Baba yangu hajatupwa. Anaishi nami. Nani amewaambia haya?"

Nilidhani nikishasema hivyo mambo yameisha. Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Ahaa, sasa ndio umemkumbuka, baada ya kuona michango?" Na hilo ndilo lililopendwa kuliko yote, waliligongea mioyo mpaka likapanda juu, na maneno yangu yakazama chini yake.

Shangazi, dada yake baba, anaishi mbali na hupiga simu kwenye sikukuu tu. Siku hiyo alipiga.

"Kaka yangu umempeleka wapi?"

"Shikamoo shangazi. Yupo hapa, anakunywa chai."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimemwona kwa macho yangu. Mpe simu."

Nikampa. Baba akasema, "Niko nyumbani, dada. Nakunywa chai." Akasikiliza kidogo, akakunja uso. Kisha akasema, "Hapana, hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo." Alinirudishia simu akaniuliza ni picha gani hiyo inayosemwa. Nilimwonyesha. Aliitazama kwa muda, akiisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe ndio ule mlio."

Alionekana ametua mzigo. Kitanda cha watu kilikuwa kizima. Mimi nilitaka kulipasua kabati la vioo vya saluni kwa ngumi.

Kesho yake tulikwenda kwenye ofisi za shirika, mimi mbele, baba nyuma yangu amevaa shati la kutokea. Mapokezini palikuwa na viti laini na maji ya baridi, na ukutani skrini kubwa ikionyesha picha zao moja baada ya nyingine. Baba alipita kwenye skrini mara kadhaa tukiwa tumeketi. Kila alipotokea, mlinzi aliitazama skrini, akamtazama baba, akainamisha kichwa kwa heshima ya msibani.

Aliyetupokea ni yule aliyepiga picha, msichana nadhifu mwenye miwani, kazi yake kuandika na kupiga picha za mtandaoni. Sikulishika jina lake na sina haja nalo, nilimwita Dada wa Mtandao. Alimsalimia baba kwa mikono miwili, kisha akasema kwa furaha ya kweli, "Mzee wangu, chapisho lako limefanya vizuri sana. Hatujawahi kupata kama hili."

"Mlifute," nikasema.

"Dada, tukae tuongee."

"Nimekaa. Lifute. Mmemwandika baba yangu kuwa ametupwa. Ana kwake, ana kazi, mlimlipa wenyewe kwa kazi hiyo."

"Hatujaandika jina lake," akasema. "Hatujaandika kwamba anaishi kwetu. Ukisoma vizuri, tumesema alilea watoto kwa jasho lake. Hilo si kweli?"

"Na hilo la hakuna anayemkumbuka?"

Akarekebisha miwani. "Hiyo ni lugha ya kuchangisha, dada. Watu mtandaoni wanapita haraka. Usipowagusa moyo kwa mstari wa kwanza, wameshakwenda kuangalia paka."

Nilimwambia moyo wanaougusa ni wa watu wa mbali, na makofi yanayotokana nao nayapokea mimi hapa karibu. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, na ndipo mkurugenzi alipotoka chumbani kwake. Ni mwanamume wa makamo, mvi zimetanda, sweta safi, sauti ya chini. Watu wa sauti ya chini ndio wagumu kugombana nao. Hakunijibu mimi. Alimwomba baba waende pamoja akaone kitu, nami nikafuata.

Alifungua ghala. Ndani mlikuwa na magodoro mapya, yamesimamishwa ukutani yakiwa bado ndani ya nailoni zake.

"Mzee," akasema, "mwaka mzima tuliweka picha za wazee wetu wenyewe. Wamechana nywele, wanacheza karata, wanacheka. Watu waliweka alama ya moyo, wakapita zao. Hakuna aliyetoa hata shilingi ya sabuni. Picha yako ndiyo iliyonunua haya. Tukiifuta leo, nusu ya wazee wataendelea kulala kwenye yale uliyoyaona."

Nilimwona baba anayagusa magodoro. Aliyabonyeza kwa kiganja, akayasogeza, akayahesabu kimoyomoyo. Nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba tumekwisha.

"Iacheni," akasema, "mpaka kila mmoja apate lake. Halafu mfute."

"Ahadi," akasema mkurugenzi, wakashikana mikono, wanaume wawili wazima wanashikana mikono juu ya jina langu.

Njiani nilitangulia tena. Baba ndiye aliyeongea. Alisema mimi nina nguvu za kuyabeba maneno ya watu, na wale wazee hawana nguvu za kubeba magodoro yaliyooza. Nikamwambia ni rahisi sana kugawa mgongo wa mwenzio. Nadhani aliona nina haki kidogo.

Magodoro yalitimia. Picha haikufutwa. Ilirudishwa na maneno mapya, kwamba mzee huyu hana blanketi. Baadaye hana dawa. Baadaye paa linavuja juu ya mzee huyu. Baba akawa ng'ombe wa maziwa, anakamuliwa asubuhi na jioni huku yeye yuko uani kwake anapiga randa. Nikipiga simu naambiwa Dada wa Mtandao yuko kwenye kikao.

Huku kwetu kazi zikaanza kukauka. Mteja wa mbali akipiga simu anauliza kwanza kama fundi yuko hai, kisha anasema atapiga tena. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameagiza kitanda cha harusi ya binti yake, mbao ngumu, ubao wa kichwani umechongwa maua. Kilikuwa kimekamilika, bado kupakwa rangi ya kung'arisha. Alikuja saluni badala ya kwenda uani, akasimama mlangoni akisokota mkanda wa mkoba.

"Sina ubaya na mzee," akasema. "Lakini niambie wewe kama mwanamke mwenzangu. Mwanangu aanze maisha kwenye kitanda cha mtu ambaye watu wote wameshamlilia?"

"Yuko uani. Nenda kamsalimie."

"Nimemwona. Nimemwona." Akaondoka bila kwenda.

Nilipomwambia baba, alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda, akapitisha kidole kwenye maua aliyoyachonga. Alikuwa ameyachonga kwa uvumilivu mkubwa, na macho yake siku hizi si ya kuchonga maua. Hakusema hasira hasara, msemo wake wa kila siku.  Mimi nilimchukia kila aliyewahi kugusa kitufe cha kuchangia, wema na wabaya pamoja.

Kisha wakaja wenyewe. Gari jeupe likasimama mbele ya saluni, wakashuka mkurugenzi, Dada wa Mtandao na kifurushi. Dada wa Mtandao alikuwa na wazo jipya. Wafadhili, alisema, wameanza kuuliza yule mzee ameishia wapi. Wanataka kuona mwisho mwema. Kwa hiyo watachukua video fupi ya shukrani: mzee aliyekuwa anasubiri siku yake sasa amesimama, ana karakana, ana kazi. Kwenye kifurushi mlikuwa na randa mpya na kitambaa chenye nembo yao cha kutundika ukutani.

"Karakana hii," baba akasema, "nimeijenga kabla wewe hujazaliwa, mwanangu."

"Najua mzee, lakini kwenye video hatutasema lini. Utashika tu randa, utabasamu."

"Mlisema mtafuta."

"Tukiweka video hii, ile picha tunaiondoa," mkurugenzi akasema. "Watu wakishaona umesaidika, mambo yamekwisha. Hata hawa jirani zako watanyamaza. Ni kwa faida yako."

Mnaona ujanja huo. Kwanza wamuue, kisha wamfufue, na shukrani zote ziende kwao. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa karakana na kitana mkononi, nikamwona baba anafikiri. Alikuwa amechoka. Alikuwa tayari kushika randa yao ili yaishe, na ningemlaumu vipi. Lakini Dada wa Mtandao, kwa tamaa ya kazi yake, akaongeza jambo moja.

"Tuanze na wewe umelala hapo, mzee, kwenye hicho kitanda kizuri. Kama kwenye ile picha. Kisha unafumbua macho, unaamka."

Uso wa baba ukakunjamana. "Silali mbele ya simu," akasema. "Pale nilikuwa kazini."

"Ni dakika moja tu."

"Silali."

Walimbembeleza. Alivyozidi kukataa ndivyo mkurugenzi alivyozidi kutumia ile sauti yake ya chini, mpaka akacheka, akavua viatu vyake vya kung'aa. "Mzee wangu, tazama, si jambo la kuogopa. Ona." Akajinyoosha chali juu ya chaga za kitanda cha harusi iliyokimbia. Akaweka mikono kifuani. Akafumba macho ili kuonyesha vizuri. Mwanga wa uani ukamwangukia kwenye mvi, na kusema kweli alipendeza kwa huzuni kuliko baba.

Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Sikupanga. Niliitoa, nikamweka sawa, nikabonyeza.

Ka.

Baba aligeuza kichwa kwa ule mlio. Akanitazama. Alikuwa ameshajua.

"Kimelia?" mkurugenzi akauliza, macho bado kayafumba.

"Hapana," baba akasema. "Kitanda hakina neno."

Waliondoka bila video, wakasema watarudi mzee akishatulia. Gari halijafika kona nikawa nimeketi kwenye kiti cha wateja. Ukurasa wa saluni yangu una picha za misuko na watu wengi wanaufuatilia, wengine hawajawahi hata kuja kusukwa. Nikaiweka picha ya mkurugenzi. Viatu vyake nilivikata, maana mzee aliyetupwa havai viatu vya namna ile, nilishajifunza kwa walimu wazuri. Chini yake nikayaweka maneno yao neno kwa neno, sikugusa hata nukta: alilea watoto kwa jasho lake, leo hakuna anayemkumbuka, anafumba macho na kusubiri. Kisha nikaipeleka na kwenye maoni ya ukurasa wao.

Watu ni walewale. Walilia, walisali, walisambaza. Mwenye sura ya maua alikuja tena, na lile jiwe lake alikuja nalo. Mimi nilikuwa namsuka mteja huku nasoma, na nilisikia utamu, sifichi. Mkuki kwa nguruwe, nikasema moyoni, leo tuone kwa binadamu.

Kabla sijamaliza kichwa kile, pakatokea ujumbe wa mtu nisiyemjua. "Mimi ni binti yake. Baba yangu hajatupwa. Nilikuwa naye asubuhi. Nani amewaambia haya?"

Na chini yake, palepale, mtu akamjibu: "Ahaa. Sasa ndio umemkumbuka."

Vidole vyangu vilisimama kwenye nywele za watu. Niliyasoma maneno ya yule binti mara nyingi, na hakuna aliyeyajua vizuri zaidi yangu. Nilijua hata amesimama vipi, na mkono gani umeshika simu. Utamu ukageuka mdomoni. Lakini sikufuta. Nasema wazi kwamba sikufuta, kwa sababu simu ilianza kuita na alikuwa ni baba yake.

Sauti haikuwa ya chini tena. "Ondoa hiyo picha. Mwanangu analia. Mama yake amepigiwa simu na kanisa zima."

"Na yako iondoe."

"Hayo ni mambo mawili tofauti. Yetu ni kwa ajili ya—"

"Nafunga saluni jioni," nikasema. "Kabla sijafunga nitaangalia ukurasa wenu."

Yao ilifutwa kabla sijamsuuza mteja. Nami nikafuta yangu. Baba alikuwa amekuja kusimama kwenye mlango wa kati, ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia yamekwisha. Akauliza, "Na huyo binti wa watu alikukosea nini?"

"Na mimi nilimkosea nani?"

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi uani.  Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Ila kufuta mtandaoni ni jina tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ya baba imeshachukuliwa na watu, inazunguka na mashairi, na sala, na juzi nimeiona na mshumaa pembeni na tarehe ya kufariki. Ya mkurugenzi nayo inazunguka, nimeshaletewa na mteja aliyekuwa analia.

Wateja wa baba walianza kurudi, mmoja mmoja. Kitanda cha maua kilinunuliwa na wanandoa wazee waliokwisha kuchoka kuogopa mambo. Nikadhani tumevuka. Kisha wiki iliyopita kijana mmoja akarudisha kitanda. Alikuwa na aibu, alizunguka sana kabla ya kusema. "Mzee, samahani. Kinalia."

Hakijawahi kurudishwa kitanda kwa baba yangu kwa sababu hiyo, tangu nizaliwe. Alikipokea, akakiingiza uani. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwangalia anavyokikagua. Alivua viatu, akapanda, akaweka mikono kifuani. Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yanatazama mlango wa uani, kisha dirisha, kisha mlango tena. Alijigeuza bega, kitanda kikalia, mimi nikakisikia kutoka nilipo, na yeye hakukisikia.

Nilikwenda nikamkalia mlangoni. Nilichukua kiti cha saluni, nikakiweka kwenye kizingiti, nikampa mgongo, nikatazama nje.

"Unafanya nini hapo?" akauliza.

"Nimekaa. Fumba macho, fanya kazi."

 Kisha nikasikia chaga zinatulia, pumzi yake inatulia, na baadaye kidogo akasema kwa sauti ya chini kwamba ni tendegu la nyuma, la kushoto. Siku hizi ndivyo tunavyofanya kazi. Akifika kwenye kulala ananiita, naacha kichwa cha mteja, nakaa kizingitini. Na ukija hapa umeshika simu mkononi, hata kama unaitazama saa tu, utaitia mfukoni au utarudi ulikotoka, na sitakuuliza wewe ni nani.